Historia yetu na Uganda imepita ziwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu uhusiano wa Tanzania na Uganda. Mwandishi wenu alianza na Vita vya Kagera, akagusia kufufuliwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, akamalizia na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Tanga. Aliyoyaandika ni ya kweli na yameandikwa kwa Kiswahili kizuri. Kilichonisukuma kushika kalamu ni kwamba, katika makala yote ile, Ziwa Victoria limetajwa mara moja tu, tena kama mpaka unaozitenganisha nchi hizi mbili. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Mwanza, maelezo hayo yanaacha nje sehemu kubwa ya historia yenyewe, kwa kuwa mengi tuliyouziana na Waganda tangu enzi za mababu yalipita majini.

Marehemu baba yangu alianza kazi ya ukarani wa mizigo katika bandari ya Mwanza Kusini mwaka 1966, na mimi mwenyewe nimeuza mchele kwa zaidi ya miaka 25, sehemu ya mchele huo ikivuka kwenda Kampala. Baba aliacha madaftari manne yenye majalada magumu, ambamo aliandika kwa mkono wake kila behewa lililopakiwa melini katika zamu yake: namba ya behewa, aina ya mzigo, uzito na mahali lilikokuwa linakwenda. Nimeyasoma madaftari hayo mara nyingi, nayo yamenifanya niamini jambo moja ambalo ningependa wasomaji wenzangu walitafakari. Uhusiano wa Tanzania na Uganda umekuwa ukipanda na kushuka pamoja na meli za ziwani, kiasi kwamba anayetaka kujua tunaelewana kiasi gani na jirani yetu huyu anaweza kwenda bandarini akauliza meli ya Port Bell, bandari ya Kampala, inaondoka siku gani.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Kabla ya mkoloni kuchora mstari wowote, ufalme wa Buganda ulikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na mitumbwi hiyo ilifika hadi huku kwetu kusini. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliotoka pwani kupitia Tabora walikuwa na njia mbili za kumfikia Kabaka, mfalme wa Buganda: ya nchi kavu kupitia Karagwe, na ya majini iliyoanzia katika vijiji vya ufukwe wetu kama Kageyi, upande wa Magu. Walipeleka vitambaa, shanga na bunduki, wakarudi na pembe za ndovu, na pia na watumwa, jambo ambalo hatuna haki ya kulificha tunaposifia ukongwe wa biashara hii. Mwaka 1882 wamisionari wa Kikatoliki waliokuwa Buganda waliona hali imekuwa ngumu, wakavuka ziwa na kuhamia Bukumbi, si mbali na mji wetu. Miaka sita baadaye Kabaka Mwanga mwenyewe alipinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi, akafikia Magu, na hatimaye akapata hifadhi hapo hapo Bukumbi kabla ya kurudi kwao kupigania kiti chake. Vijana wa dukani kwangu hushangaa ninapowasimulia habari hii, maana wanachokijua ni kwamba Rais Milton Obote wa Uganda alipokewa Tanzania mwaka 1971. Mwanga alimtangulia kwa miaka 83, na alipita njia ya maji.

Mstari uliotutenganisha ulikuja mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kugawana nchi zetu. Walichagua mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, wakauvusha ziwani moja kwa moja mahali ambapo hakuna jiwe wala mti wa kuonyesha kwamba hapa ni kwa huyu na pale ni kwa yule. Magharibi ya ziwa mstari huo uliacha kipande cha ardhi kati yake na Mto Kagera, kikawa upande wa Wajerumani, na baadaye upande wa Tanganyika, ingawa kiko ng'ambo ya mto. Naomba msomaji akikumbuke kipande hicho, kwa sababu ndicho Idi Amin alichokuja kudai kuwa ni chake.

Pamoja na mstari huo, biashara iliendelea kufuata maji. Reli ya upande wa kaskazini ilifika Kisumu mwaka 1901, na ya kwetu ikafika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora. Kati ya vituo hivyo viwili vya reli zilipita meli, zikizunguka Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma, na kuanzia mwaka 1948 reli, bandari na meli zote za nchi tatu ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba utaratibu huo ulibuniwa na mkoloni kwa faida yake, na kwamba Kenya ilinufaika nao kuliko sisi. Hata hivyo, nchi zetu zilipopata uhuru, Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961 na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, zilirithi ziwa lenye meli zinazofanya kazi, zilizokuwa na tiketi za aina moja na nauli zinazojulikana.

Katikati ya miaka ya 1960 ziliongezwa meli mbili za kubeba mabehewa, zilizojengwa Scotland, moja ikaitwa MV Umoja na ya pili MV Uhuru. Ningependa nieleze kazi ya meli hizo kwa karibu, kwa sababu vijana wengi wanaopita Barabara ya Kenyatta kila siku hawajapata kuiona. Nikiwa mtoto nilikuwa nikimpelekea baba chakula cha mchana, nikisimama pembeni nilipoelekezwa. Umoja ilikuwa inasogea taratibu hadi inagusa gati, kisha daraja la chuma lenye reli juu yake linashushwa hadi reli za nchi kavu zinakutana na reli za melini. Injini inayasukuma mabehewa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Msimamizi alikuwa akihakikisha kwamba behewa likiingia reli za kulia, linalofuata linaingia reli za kushoto, kwa kuwa meli ikijazwa upande mmoja hulala. Vijana waliingia na minyororo mizito wakalifunga kila behewa kwenye sakafu, wakikaza hadi mnyororo unalia. Baba alipita nyuma yao akiwa na chaki na daftari, akisoma namba kwa sauti na mwenzake akizirudia. Behewa lililofungwa Dar es Salaam lilifunguliwa Uganda bila gunia hata moja kushushwa Mwanza, kwa sababu reli ya huku na reli ya kule zilikuwa na upana mmoja, wa mita moja kamili.

Nimelirudia jambo la upana wa reli kwa makusudi, na nitalirudia tena kabla sijamaliza.

Mkataba wa Kampala wa Juni 1967, uliounda Jumuiya ya kwanza, uliikuta kazi hiyo ikiendelea. Madaftari ya baba ya miaka ile yamejaa hadi pembeni mwa kurasa. Ni chumvi, saruji, mabati, pamba, kahawa, na mara moja moja mashine ambayo hakujua jina lake akaandika tu "chuma kikubwa". Kisha yakaja mapinduzi ya Kampala ya Januari 1971, Idi Amin alipomwondoa Obote madarakani. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua Amin na akakataa kuketi naye meza moja, na kwa kuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya ilikuwa mikononi mwa marais watatu wakikutana pamoja, kikao hicho hakikufanyika tena. Mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka kwetu wakashindwa, na ikabidi nchi hizi mbili zipatanishwe Mogadishu mwezi Oktoba wa mwaka huo. Nawaheshimu wanaosema kwamba Mwalimu alifanya jambo la haki, na mimi ni mmoja wao. Lakini haki hiyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo inaonekana katika daftari la tatu, ambapo mabehewa ya kwenda Uganda yanaanza kuwa ya kuhesabika.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mzunguko wa zamani wa meli ukafa. MV Victoria, iliyokuwa ikitembelea bandari za nchi zote tatu, ikabaki kwetu ikienda Bukoba na kurudi. Kuna ukurasa mmoja wa mwaka huo ambao baba ameandika tarehe kumi na moja mfululizo, na mbele ya kila tarehe ameweka kistari. Aliendelea kwenda kazini, akavaa sare yake, akaandika tarehe, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, ila hapakuwa na behewa la kuandika.

Vita ilikuja mwaka uliofuata. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia, na muda mfupi baadaye akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni sehemu ya Uganda, kile kipande kilichoachwa na mstari wa mwaka 1890. Makala yenu imeeleza vizuri yaliyofuata hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, kwa hiyo sitayarudia. Nitaongeza jambo moja tu la hapa nyumbani. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja Mwanza kwa lengo la kupiga matangi ya mafuta. Ilikosea shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakati huo kikiwa hifadhi ndogo ya wanyama, yakaua swala. Nilikuwa na umri wa miaka 10. Nakumbuka mama alitufunika mimi na wadogo zangu kwa kitenge chini ya meza, kama vile kitenge kingezuia bomu, na nakumbuka kwamba jioni ile watu wazima walikuwa wakizungumza habari za swala kwa sauti ya chini, kwa kuwa kila mmoja alijua ambacho kingetokea kama rubani angepiga alichokusudia.

Miaka hiyo ndiyo iliyotupatia pia neno ambalo Waganda wamelichukua kutoka Kiswahili na kulifanya lao. Uchumi wa Uganda ulipoharibika na bidhaa zikaadimika, biashara ya kificho ikawa ndiyo biashara yenyewe, na watu wa Kampala wakaiita magendo, hata walipokuwa wakizungumza Kiingereza au Kiganda. Amin aliunda kikosi cha kuikomesha ziwani, akakiweka chini ya Mwingereza Bob Astles, lakini boti ziliendelea kuvuka usiku. Sisemi haya kwa kuisifu magendo. Nasema kwamba mahitaji ya watu wa ng'ambo zote mbili hayakukatika hata siku moja, na meli halali ilipoondoka, boti isiyo halali ilichukua nafasi yake.

Kugawana mali za Jumuiya kulichukua miaka saba. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, Kenya ikapewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Uganda ilijinunulia meli zake za mabehewa, ambazo ni Kabalega, Kaawa na Pamba, na katika daftari la nne majina hayo yanaanza kuonekana mbele ya jina la Umoja. Mabehewa ya upande wetu yalikuwa yamepakwa rangi mpya na herufi za TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania. Baada ya mvua za miaka michache rangi ile ilichujuka, na kwa chini zikaonekana tena herufi za EAR za lile shirika la zamani la reli la Afrika Mashariki. Baba alinionyesha mara moja, akanyamaza, akaendelea na chaki yake.

Kilichofuata katika diplomasia kinajulikana: tume ya pamoja ya marais Mwinyi, Moi na Museveni ya Novemba 1993, mkataba mpya wa Jumuiya uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umoja wa forodha wa mwaka 2005, soko la pamoja la mwaka 2010. Katika uvuvi tulijiunga hata mapema zaidi, mwaka 1994, kwa kuunda taasisi ya pamoja yenye makao Jinja, na mwaka 1999 tulifundishwa kwa nini ilihitajika. Taarifa za watu kutumia sumu kuvulia samaki upande wa Uganda ziliifanya Ulaya ifunge soko lake kwa samaki wa ziwa zima, viwanda vya sangara vya Mwanza navyo vikaumia. Mnunuzi wa Ulaya haulizi sangara alivuliwa upande gani wa mstari wa mwaka 1890.

Lakini tazama meli. Mei 2005, miezi minne baada ya umoja wa forodha kuanza, Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Kwa miaka mingi baada ya hapo Uganda haikuwa na meli ya mabehewa ya kutegemewa, na upande wetu Umoja ilikuwa imechakaa. Ndipo zilipokuja ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli iendayo Uganda ikang'olewa Kibera, Nairobi, na Kampala ikakosa mafuta ya magari. Waganda waliokuwa wakitafuta njia ya pili wakati ule walipaswa kuikuta Mwanza ikiwa tayari, na kwa masikitiko yangu makubwa haikuwa tayari. Ilichukua hadi mwaka 2018 kwa Umoja, yenye uwezo wa kubeba tani 1,200, kufanyiwa matengenezo na kuanza tena kuvusha mabehewa hadi Port Bell, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likiwa miongoni mwa waliopitisha mizigo ya kwanza. Nilikwenda kuitazama ikiondoka. Baba alikuwa amekwisha kufariki.

Mimi nami nilijaribu kuitumia njia hiyo. Nilikusanya magunia 120 ya mchele wa Magu na Sengerema, nikachangia behewa na wafanyabiashara wenzangu wawili. Mzigo ulikaguliwa hapa, sampuli ikachukuliwa, cheti kikatolewa. Ulipovuka, ukakaguliwa upya tangu mwanzo, sampuli ikachukuliwa tena, na cheti cha huku kikawekwa pembeni bila kusomwa. Kabla ya hapo tulikuwa tumesubiri meli siku tisa, kila asubuhi tukiambiwa kesho. Sitaji ofisi wala mtu, kwa sababu sina nia ya kushtaki, na waliotuhudumia walikuwa wakifuata taratibu walizopewa. Ila mteja wangu wa Kampala, mama anayeuza mchele wa jumla na tuliyefahamiana naye miaka mingi, alinipigia simu akaniambia, "Kaka, mimi nakupenda na mchele wako ni mzuri, lakini nikiendelea kusubiri meli wateja wangu watahamia kwa jirani." Alinunua mchele mwingine uliokuja kwa lori kupitia mpaka wa Mutukula. Tangu siku hiyo nami natumia lori.

Simlaumu, na wala sidharau kilichofanyika Mutukula. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa pale na Rais Magufuli na Rais Museveni tarehe 9 Novemba 2017 ni mfano bora, kwa sababu maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja na gari linakaguliwa upande mmoja tu. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, nalo limewaondolea madereva foleni ya kivuko. Lakini lori linapotoka Mwanza kwenda Kampala linazunguka ziwa kupitia Geita, Chato, Biharamulo na Kagera, likichoma mafuta na kuchosha barabara, wakati maji yako hapa chini yakielekea moja kwa moja kunakotakiwa. Na bomba la mafuta, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo Tanzania, ni heshima kubwa kwa nchi yetu, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 2016 Uganda iliichagua Tanga ikaiacha njia ya Kenya. Hata hivyo, mama anayekausha dagaa na kuuza sokoni Mwaloni Kirumba hawezi kupitisha gunia lake katika bomba hilo. Yeye anahitaji meli.

Sasa nirudi kwenye upana wa reli, kwa sababu hapa ndipo ninapoona hatari, na ninaomba wahusika wasome kwa makini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Ni kazi kubwa na tunaishukuru. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435. Reli zilizotandikwa ndani ya Umoja, na reli inayotoka Port Bell kwenda Kampala, zina upana wa milimita 1,000. Maana yake ni kwamba behewa la reli mpya likifika ziwani halitaweza kuingia melini, na hata kama lingeingia, ng'ambo halina pa kutembelea. Uganda nayo imeanza kujenga reli ya kisasa. Oktoba 2024 ilisaini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi, ile ile inayojenga vipande vya reli yetu, ila kipande chake cha kwanza cha kilomita 272 kinatoka Kampala kwenda Malaba, mpakani na Kenya. Kwa hiyo nchi hizi mbili zinajenga reli za upana mmoja, na zote mbili zitafika karibu na ziwa moja, lakini sijasikia zikizungumza hadharani jinsi zitakavyokutana juu ya maji.

Baba na wenzake walikuwa na jibu la tatizo hilo mwaka 1966, na jibu lenyewe lilikuwa daraja la chuma na minyororo. Leo majibu yanayowezekana ni zaidi ya moja. Tunaweza kuibakiza reli ya zamani hadi gatini na kuitunza ili Umoja iendelee na kazi hadi meli nyingine ipatikane. Tunaweza kuweka winchi kubwa za kuhamisha makontena kutoka treni ya kisasa hadi melini, na kukubaliana na Uganda iweke za aina hiyo Port Bell. Tunaweza pia kuagiza kwa pamoja meli yenye reli za upana mpya, itakayofanya kazi pale Uganda itakapofikisha reli yake bandarini. Mimi si mhandisi, na huenda wahandisi wana njia iliyo bora kuliko hizi. Ninachoomba ni kwamba jambo hili liingizwe katika ajenda ya tume ya pamoja ya nchi hizi mbili mapema, kabla zege halijakauka, badala ya kuja kugundulika siku ya uzinduzi.

Naomba pia mambo mawili mepesi kuliko hilo. Utaratibu wa Mutukula uletwe bandarini, ili mzigo uliokaguliwa Mwanza mbele ya ofisa wa Uganda usifunguliwe tena Port Bell, na uliokaguliwa Port Bell mbele ya ofisa wetu usifunguliwe tena Mwanza. Na ratiba ya meli za mizigo ibandikwe, itangazwe redioni na iheshimiwe, hata kama ni safari moja kwa wiki. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuvumilia meli ya polepole, mradi anajua siku yake. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na bandari za Uganda na Kenya zilitajwa katika mipango yake tangu mwanzo. Safari ya kawaida ya Mwanza hadi Port Bell, inayojulikana na kila mtu sokoni, ingekuwa na uzito mkubwa kwetu sisi wa ufukweni kuliko hati nyingi zinazosainiwa kwenye hoteli.

La mwisho linakuhusu wewe, Mhariri. Yale madaftari manne ya baba yako nyumbani kwangu, yamefungwa katika mfuko wa nailoni ili mchwa na unyevu visiyafikie, ingawa la kwanza limekwisha kuanza kuachia kurasa. Nina hakika si mimi peke yangu. Katika nyumba za Kirumba, Igogo, Mkuyuni na Bukoba, na bila shaka za Port Bell na Jinja pia, wamo watoto wa makarani, mabaharia na wapagazi wa bandarini wenye tiketi, picha na vitabu vya zamu vya miaka hiyo. Nakuomba uchapishe wito wa kuvikusanya, na uziulize mamlaka za bandari za nchi zote mbili kama ziko tayari kutoa chumba. Siku chumba hicho kitakapopatikana, nitayaleta madaftari hayo mwenyewe.

Wako katika kulijenga taifa,

Mfanyabiashara wa mchele,
Kirumba, Mwanza